Mgeni Katika Nyumba ya Mfinyanzi

Nabii Yeremia alipotumwa na Mungu akajifunze neno, hakupelekwa hekaluni wala kwa waandishi. Aliambiwa ashuke kwenda nyumbani kwa mfinyanzi. Akashuka, akasimama, akamtazama mtu yule akifanya kazi yake. Chombo kikaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye hakukificha, wala hakuona haya kwa kuwa mgeni yupo. Aliutwaa udongo ule ule, akafanya chombo kingine kilichompendeza. Habari hii twaisoma katika sura ya 18 ya kitabu chake. Kwa desturi twaifasiri kwa habari ya Mungu na taifa lake, na ndivyo ipasavyo. Lakini leo nataka tuitazame kwa upande ambao hatuutazami mara nyingi: ya kuwa Yeremia alikuwa mgeni mahali pa kazi ya mtu, na ya kuwa mtu yule hakuacha kazi yake ili amfurahishe.

Jambo hili lina maana kwetu siku hizi. Wako watu wengi ulimwenguni wanaosafiri, si kwa biashara wala kwa vita, bali kutazama jinsi watu wengine waishivyo. Nao wako tayari kutoa fedha ili waketi saa moja karibu na mfinyanzi, watie mikono yao udongoni, kisha waende zao na kikombe kilichopinda walichokifanya wenyewe. Katika kisiwa cha Krete, kile ambacho Paulo alimwacha Tito aliangalie kanisa, viko vijiji vya wafinyanzi kama Margarites na Thrapsano. Watu wa huko wamefinyanga mapipa makubwa ya mafuta na divai vizazi kwa vizazi. Na siku hizi wageni kutoka nchi za mbali huingia katika karakana za kisiwa hicho, wakaketishwa mbele ya gurudumu, wakafundishwa kidogo, wakalipa.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Katika nchi yetu wenyewe, pwani ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, wako wanawake wa Kikisi ambao sifa ya vyungu vyao imefika mbali. Vyungu hivyo hupakiwa katika mitumbwi, vikapelekwa sokoni Lyulilo karibu na Matema, na kutoka huko husafirishwa hata Mbeya na miji mingine. Wageni wafikao Matema kwa ajili ya ziwa huenda kwa mtumbwi au kwa miguu mpaka Ikombe, ili wawaone mama hao wakifinyanga.

Mkoani kwetu Singida wageni wa namna hiyo ni wachache. Wengi hupita katika barabara kuu iendayo Mwanza, au ile iendayo Babati na Arusha, wakasimama kidogo kununua mafuta ya alizeti, asali au kuku. Lakini jirani zetu wa Kondoa wamekwisha kuwazoea, maana michoro ya kale iliyo katika miamba yao iliandikwa mwaka 2006 katika hesabu ya Urithi wa Dunia. Jambo hili likitufikia, yafaa litukute tumekwisha kulifikiri. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Basi swali ni hili: Je, ni haki mfinyanzi kumwuzia mgeni, kwa saa moja, ujuzi ambao yeye aliupata kwa miaka mingi miguuni pa mama yake? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani?

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu thamani ya kitu asichokijua. Mfinyanzi huanza kwa kuutafuta udongo, na si kila udongo unafaa. Ule wenye kunata sana hupasuka ukikauka. Ule wenye mchanga mwingi haushikani. Hivyo huchanganya, na mara nyingi hutia mchanga au unga wa vigae vilivyopondwa, ili mvuke upate njia ya kutoka na chungu kistahimili moto. Hukanda mpaka hewa yote imetoka. Hufinyanga, hukwangua, husugua kwa kokoto laini, kisha huacha chombo kikauke polepole kivulini kwa siku nyingi. Mwisho hukusanya vyombo pamoja, huvifunika kwa kuni, majani makavu au samadi, akawasha moto. Hapo kazi ya mwezi mzima hujaribiwa kwa muda mfupi. Kama palibaki unyevu, chungu hulia kwa kishindo na kuvunjika, tena huenda kikavunja na jirani zake.

Tazameni pia hekima iliyomo katika mtungi wa maji. Kwa kuwa haukupakwa kitu cha kuziba vitundu vyake, maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, na upepo ukiyakausha huchukua joto pamoja nayo. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata wakati wa jua kali. Ndoo ya plastiki haiwezi kufanya hivyo. Mama zetu hawakuisoma habari hii katika kitabu cha elimu ya viumbe, lakini waliijua kwa mikono yao.

Tena kazi hii ni ya kale sana katika nchi hizi. Huko Lelesu, katika Usandawe, jirani na mkoa wetu, viliokotwa vigae vyenye mapambo ya mistari ambavyo wataalamu wamevipa jina la mahali hapo, navyo vimepita umri wa miaka 1,500. Huko Uvinza, chumvi ilichemshwa katika vyungu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walioijenga nchi hii kabla yetu hawakuacha maandiko, waliacha vigae.

Sasa turudi katika swali letu. Nimesikia watu wakisema maneno mawili yaliyo kinyume.

Wa kwanza husema: Ufundi ni urithi, na urithi hauuzwi. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, akajuta baadaye kwa machozi. Mfinyanzi amwonyeshaye mgeni kazi ya mama yake kwa fedha, naye ni Esau.

Wa pili husema: Mtenda kazi astahili ujira wake, hili ni neno la Bwana mwenyewe. Tena mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mama mjane aweza kupata karo ya mtoto wake kwa kumfundisha mgeni saa moja, nani atamzuia? Ninyi mnaosema urithi, je, mmenunua chungu chake mwaka huu?

Kila mmoja ana sehemu ya haki, na kila mmoja amechanganya mambo ambayo yapasa kutengwa.

Huyu wa kwanza amesahau ya kuwa ujuzi si kama shamba. Nikikuuzia shamba, mimi sina tena. Lakini nikikufundisha kufinyanga, sote wawili twajua. Taa ikiwasha taa nyingine haipungui mwanga. Esau alipoteza kwa sababu kitu alichouza kilihama. Ujuzi hauhami kwa namna hiyo. Tena wageni wengi, baada ya saa moja, hawachukui ujuzi. Huchukua kumbukumbu ya matope katika vidole vyao, na heshima kwa mtu aliyefanya kwa wepesi jambo ambalo wao hawakuliweza. Hilo si wizi.

Huyu wa pili amesahau ya kuwa si kila kitu kilichomo nyumbani kina bei. Yapo mambo matatu katika nyumba ya mfinyanzi. La kwanza ni ukarimu: salamu, kiti, maji ya kunywa. Hili haliuzwi. Mjane wa Sarepta alimpa Eliya mkate katika unga wake wa mwisho, wala hakumwuliza ana shilingi ngapi. Siku tutakapoanza kutoza bei ya salamu, hatutakuwa tumepata biashara, tutakuwa tumepoteza utu. La pili ni kazi: udongo uliochimbwa, muda uliotumika, mafundisho yaliyotolewa. Hili lina ujira, na kumpunja mfinyanzi kwa sababu ni mama wa kijijini ni dhambi sawa na kumpunja seremala. La tatu ni kweli. Hii haiuzwi wala haikodishwi.

Nitaeleza zaidi kwa habari ya hiyo kweli, maana hapo ndipo hatari ilipo. Mfinyanzi apikiaye jirani zake ana hakimu asiyedanganyika. Chungu kibaya kitapasuka juu ya mafiga, mboga itamwagika motoni, na kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kitajua ni cha nani. Lakini mgeni hatapika. Atakiweka chungu juu ya kabati katika nchi ya mbali; hata kama hakikuiva vizuri, hatajua kamwe. Hivyo jaribu huingia taratibu. Mwaka huu moto umepunguzwa, maana kuni ni ghali. Mwaka wa pili udongo haukukandwa sana. Mwaka wa tatu chungu kipya kimepakwa masizi na kusuguliwa kwa matope ili kionekane cha kale, na mgeni ameambiwa ya kwamba kilikuwa cha babu. Au ametaka aonyeshwe maombi ya wazee juu ya udongo, na watu ambao hawayaamini tena maombi hayo wamesimama, wakayaigiza kwa malipo. Hapo mfinyanzi amewadhihaki wazee wake, amemdanganya mgeni, na amelifanya tendo la kuomba kuwa mchezo. Mambo matatu kwa fedha moja!

Simaanishi ya kuwa chungu kisichopikiwa ni uongo. Chombo cha maua ni chombo halali; na Paulo alimwandikia Timotheo ya kuwa katika nyumba kubwa mna vyombo vya namna nyingi na matumizi mengi. Mtu akifanya chombo kwa uzuri wake tu, akasema wazi ya kuwa ni cha kutazamwa, hakukosa. Kosa ni kufanya kitu kimoja na kukiita kingine.

Basi naona ya kuwa kabla ya kuhesabu fedha za mgeni, mfinyanzi ana madeni matatu yanayotangulia.

Deni la kwanza ni kwa mtu atakayekitumia chombo. Mama anayechota maji kisimani lazima apate mtungi mzuri kama ule unaopelekwa barabarani, tena kwa bei ambayo aweza kulipa. Ikiwa vyombo vizuri vyote ni vya wageni na vilivyopinda ni vya jirani, basi mithali ile ya kwamba mfinyanzi hulia gaeni imekuwa ya kijiji kizima.

Deni la pili ni kwa nchi. Udongo huacha shimo, na moto hula kuni. Nchi yetu ni ya ukame, mvua zake ni za msimu mmoja, na miti haioti upesi. Mfinyanzi wa zamani alichoma mara chache wakati wa kiangazi kwa mahitaji ya watu wa karibu. Wageni wakiwa wengi, mahitaji hayana mwisho. Wazo hili hunikumbusha konde la mfinyanzi lililonunuliwa na makuhani kwa vipande thelathini vya fedha, liwe mahali pa kuzikia wageni. Konde lile lilikuwa la mfinyanzi. Lakini baada ya fedha ile kupita, hatusikii tena habari za vyungu, twasikia habari za makaburi.

Deni la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kwa mwanafunzi. Hapa nitawapa mfano wa kweli. Huko Nigeria palikuwa na mama wa kabila la Wagwari, jina lake Ladi Kwali, aliyejifunza kufinyanga utotoni kwa shangazi yake. Hakutumia gurudumu, aliuweka udongo mahali pamoja, akauzunguka kwa miguu yake mwenyewe, akiuinua kidogo kidogo. Mitungi yake, yenye picha za mijusi na nge, ilipendwa hata ikawekwa katika nyumba ya Emir wa Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja. Huko Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha chuo cha ufinyanzi, aliiona. Mwaka 1954 Ladi Kwali akaingia katika chuo hicho, wa kwanza miongoni mwa wanawake. Baadaye alialikwa Uingereza na Marekani, akafinyanga mbele ya makutano ya watu waliokuja kutazama tu. Alifariki mwaka 1984, na picha yake imechapwa katika noti ya naira 20.

Je, aliuza urithi wake? Mimi nasema hakuuza, na sababu ni hii: njia aliyowaonyesha wageni ndiyo njia ile ile aliyofundishwa na shangazi yake, na nyuma yake waliingia chuoni wanawake wengine wa Kigwari, wakaendelea na kazi. Tena alikuja huko katika miaka ya 1970 msichana mmoja Mkenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikuwa amekwisha kusoma Uingereza, lakini aliona ya kuwa yako mambo ya kujifunza kwa mama hawa. Hakukaa saa moja. Alikaa mpaka mikono yake ikafahamu, na leo vyombo vyake vimewekwa katika makumbusho makubwa, hata British Museum huko London. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: huyu alipewa jembe, akalima.

Hapo twaona tofauti. Mgeni wa saa moja si mwanafunzi, hata akilipa sana. Yeye hutazama, hufurahi, huondoka, na hilo ni halali. Lakini nyumba ya mfinyanzi iliyo na wageni mia na haina mwanafunzi hata mmoja ni nyumba inayokufa huku imejaa watu. Mfinyanzi mwenye fedha za wageni na atumie sehemu yake kumlisha binti mmoja aketi karibu naye misimu mitano, mpaka ajue kuusikia udongo na kuusoma moto.

Lakini, ndugu wasomaji, hapa lawama hugeuka, na kutuangukia sisi. Kwa nini mama mfinyanzi hana mwanafunzi? Si wageni waliomnyima. Ni sisi. Binti akifanya vibaya shuleni, tulimwambia, Utakwenda kufinyanga vyungu. Tuliyataja matope kana kwamba ni adhabu. Harusini tulileta sufuria zing'aazo, na aliyeleta mtungi alionekana maskini. Hata sisi walimu, tulipofundisha kazi za mikono, mara nyingi tulizifundisha kama mapumziko ya wasioweza hesabu. Sufuria ni chombo kizuri, na sina neno juu yake. Ni nyepesi, huchemka upesi, haivunjiki. Asiyekuwa na haja ya chungu asinunue chungu kwa huruma. Nasema tu ya kuwa kuacha kutumia kitu ni jambo moja, na kukidharau pamoja na mikono iliyokifanya ni jambo lingine.

Na sasa tazameni ajabu hii. Akija mtu kutoka nchi ya mbali, akapiga magoti mbele ya bibi yetu, akasema kazi hii ni nzuri mno, ghafula nasi twasema, Kumbe ni nzuri! Tunamheshimu mama yetu kwa macho ya kuazima. Hili ndilo linalonisumbua kuliko bei ya saa moja. Maana heshima iliyoletwa na mgeni huondoka pamoja na mgeni. Mwaka ambao hatakuja, kwa ajili ya maradhi au vita au kwa kuwa amependa kwenda mahali pengine, bibi atabaki na vyungu vyake, nasi tutaendelea kupita mbele ya mlango wake bila kugeuza shingo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga njia za ulimwengu, wengi waliokuwa wakiishi kwa wasafiri tu walilijua jambo hili kwa uchungu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la leo ni hili. Mfinyanzi na ampokee mgeni, ampe kiti na maji bure, amfundishe kwa ujira ulio haki, wala asione haya kuutaja ujira huo. Asiongeze uongo wala asipunguze moto. Kazi na ibaki kazi hata mgeni akiwapo. Chombo kikiharibika mbele yake, na akione kikiharibika, maana hilo nalo ni fundisho, na ndilo Yeremia alilolipata.

Na sisi tusio wafinyanzi tunalo la kufanya kabla ya mgeni yeyote kufika. Kiangazi hiki, shule zikifungwa, mzee wa kanisa au mwalimu na aulize katika kijiji chake: Ni nani hapa ajuaye kufinyanga? Huenda jina litakalotajwa ni moja tu, na la mtu mwenye umri mkubwa. Twende kwake na binti wawili watatu waliopenda wenyewe, tumchukulie kuni na unga, tumwombe awaonyeshe toka kuuchimba udongo mpaka kuuzima moto. Tusiende kwa huruma. Twende kama watu wasiojua, waliotumwa kujifunza kwa mwenye kujua.